Nusu ya Pili ya Hotuba

Asubuhi ile mkalimani alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara kuu, malapa miguuni, viatu vyake vya kisigino kirefu mkononi, akiutazama ukumbi wa mikutano uliokuwa ng'ambo kama mtu anayetazama keki nyuma ya kioo. Magari yalikuwa yanapita bila kuvuta pumzi. Kushoto kwake mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Kulia kwake alisimama mwanaume mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa likanyooka, ila pindo za suruali zina vumbi la saruji. Wote walikuwa wanasubiri upenyo, na upenyo haukuja.

"Aliyechora barabara hii," mkalimani alisema, nusu akijisemea, "alidhani watu wana mabawa."

Mwanaume yule akageuka. "Hakudhani chochote, dada. Alikuwa kijana, na mkubwa wake alitaka magari yapite bila kusimama."

"Kwani unamfahamu?"

"Ndiye huyu anayekuomba radhi."

Mkalimani alijikuta anacheka kabla hajaamua kama alipaswa kukasirika. Yule bwana akashuka barabarani, akainua faili lake juu, akalikazia macho lori lililokuwa linakuja mpaka dereva akakanyaga breki huku akinung'unika. Alimtanguliza mama na watoto wake, kisha mkalimani, mwenyewe akaja nyuma. Walipofika ng'ambo mkalimani aliegemea ukuta kubadilisha viatu, na mwanaume akampokea mkoba bila kuombwa. Waliachana mlangoni bila kuulizana chochote.

Ndani, wajumbe wa nchi zote za ukanda ule walikuwa wamekusanyika kupanga malengo ya usalama barabarani: kila nchi ikubali kupunguza vifo kwa kiasi gani, na ndani ya muda gani. Mkalimani aliingia kwenye kibanda chake cha kioo nyuma ya ukumbi, akaketi kando ya mwenzake wa miaka mingi, bwana mtu mzima asiyekosa pipi za kikohozi mfukoni. Kazi yao ilikuwa kupokezana. Mmoja akichoka, mwingine anashika. Mjumbe akisema "mimi" kwa lugha yake, wao nao husema "mimi" kwa Kiswahili, maana kibandani mtu huazima moyo wa mwingine kwa dakika chache, kisha huurudisha.

Alipowasha kipaza sauti na kuwakaribisha wajumbe, aliliona shati jeupe kwenye safu ya wataalamu likishtuka. Yule bwana alishika hedifoni kwa mikono miwili, akageuka taratibu, akakitazama kile kibanda.

Wakati wa chai alimfuata na vikombe viwili. "Kumbe ni wewe uliyeingia sikioni mwangu."

"Mimi nimeingizwa tu. Ukichoka kuna kitufe cha kunizima."

"Nimekitafuta, sijakiona."

Ndivyo ilivyoanza. Yeye alikuwa mhandisi wa wizara ya barabara, mtaalamu katika ujumbe wa nchi mwenyeji, na mkutano ule ulikuwa na vikao vingi vilivyotawanyika miezi kadhaa. Hawakusubiri vikao. Mhandisi alizoea kupiga simu mchana kutoka barabarani, mitambo ikinguruma nyuma yake, kuuliza jambo moja tu: "Sauti, umekula?" Sauti ndilo jina alilompa. Mkalimani naye alimwita Mhandisi, hata walipofika mahali pa kuitana mpenzi, kwa sababu alipenda kumwona akijifanya ameudhika. Kutembea naye mjini kulikuwa kazi. Alisimama kila njia panda kutazama watu wanavuka wapi, na mkalimani alimwambia kuwa amekubali kushindana na wanawake wengine, lakini si na matuta ya barabarani.

Siku mkalimani alipompeleka nyumbani kwao, alivaa gauni la buluu lenye mikono mipana, kazi ya mdogo wake. Mdogo wake alikuwa fundi wa nguo, na sebule ya mama yao ilikuwa nusu sebule, nusu karakana: cherehani dirishani, vitambaa kwenye kochi, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Aligongwa na gari akiwa msichana mdogo, akienda shule. Alipona, ila mguu haukurudi kuwa mguu. Katika hesabu zilizosomwa mkutanoni walihesabiwa waliokufa. Yeye hakufa, kwa hiyo hakuwemo.

Mkalimani alihofia kwamba Mhandisi angemwonea huruma, maana hakuna kitu mdogo wake alichokichukia kama huruma. Badala yake alimuuliza hufikaje kwenye duka la vitambaa, njia ipi, na wapi hukwama. Fundi alieleza kwa kirefu, na yule bwana alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Dada," mdogo wake alimwambia mgeni alipoondoka, "huyu anauliza swali halafu anasubiri jibu. Usimwachie."

Mama yao hakusema mengi. Alisema tu kwamba mgeni alikunja mwenyewe kitambaa alichokikalia, na kwamba wanaume wa namna hiyo wana mama zao waliowafunza.

Kikao cha mwisho kilikuja. Rasimu iliyokuwa mezani ilisema kila nchi ipunguze vifo kwa nusu ndani ya miaka kumi. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kupiga makofi pale Mhandisi alipoomba nafasi ya kuzungumza, kwa Kiingereza, lugha ya ile rasimu. Mkalimani alifurahi kwamba ilikuwa zamu yake. Alisogeza kiti, akapiga funda la maji, akaanza kumsemea mpenzi wake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mimi siungi mkono lengo la nusu kama lilivyoandikwa hapa. Naomba tuandike robo."

Aliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe. Robo. Akaona cherehani dirishani na magongo ukutani. Kule mbele Mhandisi alikuwa anaendelea, midomo inakwenda, lakini mkalimani hakuwa tayari kumsemea zaidi. Alimsukumia mwenzake kipaza sauti, akavua hedifoni, akatoka. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aanze kazi. Alikwenda kunawa uso, akajitazama kwenye kioo, akachukua mkoba wake, akaenda zake nyumbani.

Jioni simu ikaita. Sauti ya Mhandisi ilikuwa imejaa furaha.

"Sauti, mbona umeniacha njiani?"

"Robo, Mhandisi? Na hao wengine umewaachia nani?"

"Ngoja nikueleze, mpenzi."

"Nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Huwezi kunieleza nilichokisema."

Akakata. Mhandisi alipiga tena, akapiga tena, akatuma ujumbe ambao mkalimani hakuufungua. Kesho yake alimzuia asiweze kumpigia kabisa. Alikuja mlangoni mara moja, na mkalimani akamtuma mama aseme amelala, nalo jua lilikuwa bado kichwani. Baada ya hapo hakuja tena. Alikuwa na barabara za kujenga, na alikuwa mtu wa kusubiri jibu.

Siku zikasogea. Mkalimani alifanya kazi zake kwenye mikutano ya watu wengine, akisema "mimi" za watu wengine, na aliporudi nyumbani alikuwa kimya. Mdogo wake alimvumilia, alimvumilia, mwisho akasimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Shemeji amekosa nini?"

Mkalimani alimweleza yote: nusu, robo, na jinsi alivyolazimika kuyatamka. Alisema hawezi kuishi na mtu anayeona kuokoa wachache kunatosha. Mdogo wake alimsikiliza huku akizungushia uzi kidoleni.

"Na sehemu yangu aliisemaje?"

"Sehemu gani?"

Fundi aliuweka uzi chini. "Alikuja hapa siku moja ukiwa kazini. Aliniomba ruhusa anitaje mkutanoni. Nilimwambia anitaje, ila asikuambie wewe. Nilijua ukijua mapema utakuwa na wasiwasi, sauti ikukatike mbele za watu, na kazi yako unaionea fahari."

"Mimi nilitoka," mkalimani alisema. "Sikumsikia akimaliza."

"Basi katafute alichomalizia. Halafu urudi unishonee vifungo hivi, maana umenipotezea muda."

Alikwenda kwa mwenzake wa kibandani, akamkuta barazani kwake anasoma gazeti. Yule bwana hakumgombeza kwa kumtupia hotuba katikati, ingawa alikuwa na haki. Alimwonyesha kiti. Alipoulizwa, alivua miwani, akafumba macho kama afanyavyo kazini, akaanza kusema kwa nafsi ya mwingine.

"Mimi sipingi nusu. Napinga nusu ya miaka kumi inayosimama peke yake, kwa sababu siku ya kuulizwa ikifika, wengi tulioketi humu tutakuwa tumestaafu. Naomba robo ndani ya miaka mitano, tuulizwe tukiwa bado kwenye viti hivi, halafu nusu ndani ya kumi. Na naomba majeruhi nao wahesabiwe. Namjua fundi mmoja wa nguo. Aligongwa akienda shule, kwenye barabara iliyochorwa na ofisi kama yangu. Hakufa, kwa hiyo hayumo katika karatasi zetu zote. Mimi nakula mkate wa barabara kila siku, naye barabara imemlia mguu. Ameniruhusu nimtaje, na namshukuru mbele yenu."

Akafumbua macho. Mkalimani alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Wakasemaje?"

"Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Hakuna mkono ulioinuka. Yamepita yote, robo, nusu, na majeruhi." Akavaa miwani yake. "Mimi si mtu wa kulia kazini, mama. Pale kwenye fundi wa nguo ilibidi nijifanye nakohoa."

Kesho yake mkalimani aliomba ruhusa kazini, akavaa lile gauni la buluu. Aliuliza wizarani, wakamwambia Mhandisi yuko kwenye njia panda ya mbele ya hospitali. Alimkuta kati ya mafundi, kofia ngumu kichwani, koti la kung'aa mwilini, anawaelekeza wanaojenga kisiwa cha kupumzikia wavukao kwa miguu. Alipomwona aliacha sentensi yake hewani. Mafundi nao wakaacha sepetu zao, mpaka mmoja akawakumbusha wenzake kwamba zege halisubiri mapenzi.

Walisogea pembeni, kwenye kivuli cha gari la mchanga.

"Nimesikia nusu ya pili," mkalimani alisema. "Imechelewa kunifikia, na kosa ni langu. Nilikuhukumu kwa sentensi mbili. Nisamehe."

Mhandisi alivua kofia. Uso wake ulikuwa umekonda, na vumbi lilimpa mvi asizokuwa nazo. Alisema naye alikosea. Mdogo mtu alimfunga mdomo juu ya jambo lake, sawa, lakini hakuna aliyemkataza kumwambia mpenzi wake kwamba atasikia neno gumu mwanzoni na asubiri. Aliona fahari ya kutaka kumshangaza. Alikuwa amejipangia kumtazama kwenye kioo akifika mahali pa mdogo wake, na alipogeuka akaona kiti kitupu.

"Uliendeleaje?"

"Sijui. Nilimfikiria fundi, nikamaliza."

Mkalimani alimshika mkono, vumbi na yote. Alimshukuru kwa kumtaja mdogo wake, akamshukuru kwa robo, na kwa kuja mlangoni ile siku alipoambiwa mtu amelala mchana kweupe. Mhandisi alisema hata yeye alishangaa usingizi gani ule. Wakacheka, na kicheko kikawafungua vifua.

"Sauti, nataka kukuoa," alisema. "Nilikuwa nimeandaa maneno marefu zaidi, ila yameniruka."

"Sema tena."

"Nataka kukuoa."

"Nimekubali. Nilitaka tu kuhakikisha umemaliza."

Wiki iliyofuata Mhandisi alikuja rasmi na mjomba wake. Wakubwa walizungumza wakaelewana bila kuvutana, kisha mjomba akatoka nje kupokea simu. Hapo mama akamwita Mhandisi akae karibu naye.

"Mwanangu alipoumia watu walikuja kumwona, wengi tu," alisema. "Walileta matunda, wakalia, wakaenda. Tangu siku hiyo sijasikia mkubwa yeyote akisema mbele ya wakubwa wenzake kwamba mtoto huyu aligongwa. Wewe umesema, naye hayupo ukumbini kukusikia. Ahsante, baba. Sina kingine cha kukupa."

Mhandisi aliinamisha kichwa, asijue pa kuiweka mikono yake. Aliyemwokoa ni fundi, aliyekuwa ameshachukua gongo lake moja na kusimama.

"Shemeji, njoo nikupime mabega. Sikati kitambaa cha harusi kwa kukisia."

Akasimama katikati ya sebule, mikono ameitandaza. Mkalimani alishika ncha moja ya futi ya kupimia, mdogo wake akashika ya pili, na mama akakaa akiwatazama wote watatu, akiirudia ahsante yake polepole, kama mtu asiyetaka iishe.