Nisimulie, Nimefumba Macho

Foleni ya tiketi ilianzia dirishani, ikaizunguka nguzo, ikapita mbele ya duka la viatu na kuishia chini ya ngazi za umeme, kiasi kwamba kila aliyeshuka alijikuta yumo kwenye foleni bila kuomba. Ilikuwa Jumamosi mchana. Watoto wanalia, simu zinaita, harufu ya bisi imejaa kila kona.

Mbele kabisa alisimama msichana aliyevaa gauni la njano na viatu vya bapa, machoni ana miwani ya fremu nyekundu aliyojitengenezea mwenyewe. Kazi yake ilikuwa hiyo: fundi miwani, duka la tatu kutoka stesheni ya treni.

"Nipe moja ya *Kengele ya Ghorofani*," alimwambia muuza tiketi. "Ile mpya."

"Ya leo imejaa, dada. Labda Jumamosi ijayo, saa nane mchana."

"Basi nipe hiyo."

Nyuma yake sauti ikasema, "Na mimi hiyohiyo. Kiti cha pembeni, karibu na mlango wa kutokea."

Msichana akageuka taratibu, kama mtu aliyeguswa begani. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati la bluu, kola imepigwa pasi upande mmoja tu. Sura yake hakuijua. Sauti ndiyo aliyoijua.

"Sema 'abiria'."

"Nini?"

"Wewe sema tu."

Kijana akakohoa kidogo, akajiweka sawa. "Abiria wapendwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Treni itawasili punde."

"Ndiye wewe!" Akampiga na mkoba, pigo dogo la begani. "Miaka mitatu nakusikia kila asubuhi! Unajua punde yako moja ina dakika ngapi? Nimepima. Arobaini na tatu!"

"Mimi juzi alinipa punde ya saa mbili," alidakia mzee mmoja kwenye foleni, na watu wakacheka.

"Jamani, mimi nasoma tu karatasi ninayoletewa," kijana alijitetea, mikono juu kama aliyekamatwa.

"Usinitolee visingizio, Punde."

Jina likamganda hapohapo. Walipofika chini ya ngazi, Punde alikuwa na namba ya simu ya Fundi, na Fundi alikuwa na kicheko ambacho hakujua akiweke wapi.

Wiki ile simu hazikukoma. Punde alipiga kutoka kwenye chumba chake cha matangazo, juu ya majukwaa, treni zikinguruma chini ya miguu yake. Fundi alipokea kazini, simu kaibana kwa bega, mikono ikikaza vijiskrubu vidogo kuliko punje ya mchele.

"Umekula, Fundi?"

"Bado. Kuna mama hapa anasema herufi zote ubaoni ni S."

"Mwambie amepata."

"Wewe! Nitafukuzwa kazi kwa ajili yako."

"Ukifukuzwa njoo huku. Utakuwa unatangaza treni zinazofika, mimi nabaki na zisizofika."

Siku ya Jumatano akamuuliza kwa nini anaitaka sana filamu ile. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Ile ya zamani, nyeusi na nyeupe, baba alinipeleka nikiwa na miaka minane. Kila kengele ikilia, yule mama wa kwenye filamu akianza kupanda ngazi, baba ananiziba macho kwa kiganja, ananisimulia sikioni. 'Kafika juu, kamkuta paka amezaa watoto wanne. Mmoja ana soksi nyeupe.' Punde, nimefika sekondari najua ile ni filamu ya paka. Nikaisimulia darasani!"

Punde alicheka mpaka akalala mezani. Alisahau kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi. Abiria wa jukwaa la pili walitazama juu, wakatazamana, na mmoja akasema labda leo treni imeghairi kabisa.

Alipotulia, alimsikia Fundi akiokota bisibisi.

"Mwaka uleule mama aliumwa," Fundi alisema. "Nikiuliza, baba ananiambia mama anapumzika, atarudi punde. Neno lako hilohilo. Nilikuja kujua siku niliyotoka shule nikakuta viti vimepangwa nje na watu wamejaa nyumbani."

"Pole, Fundi."

"Asante. Basi sasa wameitengeneza upya, nimesema lazima nijue kulikuwa na nini ghorofani. Ila najijua, nitafumba macho. Nikifumba, nisimulie wewe. Lakini kweli tupu, sawa? Ukinificha hata kitu kimoja, mimi na wewe basi."

"Nimeahidi," alisema Punde. Alisema kwa ile sauti ya jukwaani, nene na safi, ambayo watu huiamini kila siku licha ya yote.

Jumamosi ikafika. Fundi alivaa gauni la bluu lenye vifungo mgongoni, nywele kazibana juu. Punde alikuwa amepiga pasi kola pande zote mbili. Taa zikazimika, na ukumbi ukawa kama chumba cha mtu anayeota.

Ya sasa ilikuwa na rangi. Zulia la ngazi jekundu, ukuta wa kijani, na kule juu mlango mmoja mweupe. Kengele ikalia, mlio mwembamba, mrefu. Yule mama kwenye filamu akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Fundi akafumba macho. "Niambie."

Punde akavuta pumzi moja, mbili. Kisha akamwinamia.

"Anapanda. Amefika. Mlango umefunguka wenyewe. Ndani kuna dirisha, nje mvua ya taratibu. Kuna meza, mtu amemwekea chai."

Ukumbi mzima ukapiga yowe.

"Mbona wanapiga kelele?"

"Chai ya moto."

Fundi alicheka bila kupenda. Alijua, sehemu fulani ndani yake ilijua, lakini sauti ile ilikuwa imeshamwingia kama maji ya uvuguvugu, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mtu. Kengele ikalia tena. Punde akamwambia kitanda kimesogea chenyewe, na chini yake kuna reli. Kengele ikalia mara ya tatu. Punde akamwambia treni inakuja, ndogo, taa zote zimewaka, inapita katikati ya chumba bila kugusa hata kikombe.

"Imesimama. Dereva amevua kofia. Anamwambia, mama, panda, leo hatujachelewa."

Watu walikuwa wanalia kwa hofu kulia na kushoto. Fundi alikuwa anatabasamu. Akatamani kuiona treni hiyo. Akafumbua macho.

Hakukuwa na treni. Yule mama alikuwa chini, sakafuni, vidole vyake bado vimeshika kamba ya kengele, na mlango mweupe ulikuwa unajifunga.

"Treni iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya kawaida, ukumbi mzima ukasikia.

Fundi akasimama, akapita juu ya magoti ya watu, akatoka. Punde alimkuta kwenye zulia la nje, akihangaika na kamba ya mkoba.

"Fundi, ngoja nikueleze."

"Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja! Na wewe umeniziba macho kama mtoto."

"Sikukuziba. Kuna jambo, ila… naona aibu kulisema."

"Utalisema lini? Punde?"

Akaondoka. Punde alibaki pale na mifuko miwili ya bisi. Mwanaume anayesema na maelfu ya watu kila asubuhi, sentensi moja ilikuwa imemshinda.

Fundi hakupokea simu. Akaacha hata treni. Alipanda basi, akitumia nusu saa zaidi, ili mradi asiisikie sauti ile. Dukani alimkabidhi mteja miwani, kioo cha kulia kakiweka kushoto. Mteja akatoka akagonga mlango.

Wiki ya pili baba yake alikuja kurekebishiwa miwani. Mzee mwembamba, koti la kijivu, anayekaa kwenye kiti cha wateja kwa adabu kana kwamba hamjui fundi mwenyewe.

"Mama, unanikwaruza sikio."

"Samahani, baba."

"Na jana ulinipikia wali bila chumvi. Nani amekuudhi?"

Fundi akakunja mkono wa fremu, akaukunjua. Kisha akamwaga yote: foleni, sauti, chai, treni. "Amenifanyia kama ulivyonifanyia wewe, baba. Paka na watoto wanne."

Mzee akavua miwani. Bila miwani macho yake yalionekana madogo na mapya.

"Kwani unadhani mimi niliiona ile filamu?"

"Si ulikuwa unaangalia?"

"Nilikuwa na mikono miwili, mwanangu. Mmoja nilikuziba wewe. Wa pili nilijiziba mwenyewe." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika njiani. "Na ya mama yako vilevile. Daktari alikuwa akisema, mimi naangalia viatu vyake. Kila nilichokwambia wewe nilikuwa najiambia mimi. Nilikosea. Ulikuwa na haki ya kumuaga. Nimechelewa kukuambia, lakini nakuambia."

Fundi akamvalisha miwani taratibu, sikio moja, kisha jingine. Akashindwa kuondoa mikono. Wakakaa hivyo, kipaji cha uso kwa kipaji cha uso, mpaka mteja akaingia, akakohoa, akatoka tena.

Asubuhi iliyofuata alikwenda stesheni. Jukwaa lilikuwa limejaa mabegi na miayo. Spika ikakwaruza.

"Abiria wapendwa. Treni ya saa moja na nusu imechelewa dakika arobaini na tatu. Injini imekufa, na makanika ndio kwanza anamalizia chai yake. Mwenye haraka apande basi sasa hivi. Samahani sana."

"Leo siku ya nane anasema hivyo," mama mmoja alimwambia mwenzake, akiokota begi. "Mpaka raha. Angalau mtu unajua."

Siku ya nane. Na siku zote hizo Fundi alikuwa kwenye basi, hakuwepo hata kusikia. Akatazama juu. Ngazi za chuma zilipanda hadi kwenye mlango mweupe. Akacheka peke yake, akapanda.

Punde alikuwa amevaa visikilizio, mbele yake barua yenye muhuri wa mkuu wa stesheni. Alipomwona, akaruka, kiti kikaanguka.

"Barua ya nini hiyo?"

"Onyo. Wanasema natia abiria wasiwasi."

"Nikuulize kitu, na unijibu kweli kama unavyowaambia hao wa chini. Siku ile ulikuwa umefumba macho?"

Punde akatazama kipaza sauti, akakizima. Akahakikisha mara mbili.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu yale matangazo ya mwanzo."

"Yale ya sabuni?"

"Lilikuwepo na la filamu nyingine, yenye mwanasesere. Fundi, mimi naogopa. Naogopa hata kengele za baiskeli. Siku ile ya foleni nilikuja kuona katuni. Nikakuona na gauni la njano unaitaka ile ya kutisha, mdomo ukanunua tiketi wenyewe."

Fundi alijishika tumbo kwa kucheka, machozi yakimtoka nyuma ya fremu nyekundu. "Sasa kwa nini hukusema? Ungeniambia tu, 'Fundi, sioni kitu.'"

"Hiyo ndiyo ilikuwa kweli tupu," alisema Punde polepole. "Ndiyo niliyokuficha. Nisamehe."

Jumamosi wakarudi. Safari hii viti vya katikati, mbali na mlango. Kengele ikalia. Wakashikana mikono kama watu wanaovuka barabara pana.

"Kuna mtu nyuma ya pazia," Punde alinong'ona. "Ana kisu. Mimi naogopa."

"Na mimi. Endelea kuangalia."

Waliangalia yote. Watu walipopiga yowe nao wakapiga, Punde kwa sauti ya juu kuliko ukumbi wote. Mwisho, mlango mweupe ulipojifunga, Fundi alikuwa analia, lakini si kwa woga.

"Maskini," alisema. "Kumbe shida yake ndiyo hiyo tu. Hakuna aliyepanda naye."

Nje jua la alasiri lilikuwa limemwagika barabarani kama asali. Walitembea taratibu, mabega yakigusana.

"Kwa hiyo utakuja lini kumwona baba?"

Punde akafungua mdomo. Fundi akaliona neno lile limekaa pale midomoni, tayari kutoka. Punde akalimeza, akaangalia saa.

"Jumapili ijayo. Saa tisa na dakika kumi. Nitamwambia nataka kukuoa, akikubali na wewe ukikubali."

"Anza na mimi."

"Unakubali?"

"Jumapili, saa tisa na dakika kumi na moja nitakujibu."

Jumapili ile Fundi alivaa lile gauni la njano. Baba alikuwa sebuleni, kavaa koti, miwani inang'aa. Saa ikafika tisa na dakika kumi. Kumi na mbili. Kumi na sita. Simu ikaita.

"Fundi, nimechelewa dakika sita."

"Uko wapi?"

"Hapa chini, mlangoni kwenu. Nimefika tangu saa tisa kasoro. Nimesimama naitazama kengele, naogopa kuibonyeza."

Fundi alikuwa ameshafika kwenye ngazi, viatu mkononi.

"Usiibonyeze," alisema. "Nakuja. Tutapanda wote."