Vigingi Vitatu vya Mtaro

Kama kawaida, Enesi alishuka bondeni alfajiri kuchota maji kabla ya shule. Siku hiyo alikuta watu wamesimama na majembe yao, hakuna anayechimba.

Kijiji chao, huku Mbozi, kilikuwa kinachimba mtaro wa bomba kutoka kwenye chemchemi hadi shuleni. Mchungaji Nikodemo aliwahimiza watu kanisani. Mwene Mbonile, yaani chifu wao, aliruhusu mtaro upite kando ya msitu wenye makaburi ya mababu zake.

"Vigingi vitatu vya kuonyesha njia ya mtaro vimesogezwa mbali na msitu," alisema fundi Luka. "Tukifuata hapa, maji itabidi yapande kilima. Hayapandi."

"Si huyo Mwene?" mama mmoja alidakia. "Anaulinda msitu wake."

"Kwenu nyie wa kanisani, kila baya ni letu," alijibu mzee wa ukoo wa Mwene. Akabeba jembe, akaondoka. Wenzake sita wakamfuata.

Enesi aliinama juu ya ndoo. Ni yeye aliyevisogeza, Jumapili, watu wakiwa ibadani, ili mtaro usiguse mibuni ya bibi yake iliyo kando ya msitu. Aliona ni hatua chache tu.

Darasani hakutulia. Mwalimu alimwuliza saba mara nane, akajibu, "Vigingi." Wenzake wakacheka.

"Leo umekalia siafu?" Diana, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza.

Walipotoka, Enesi alikwenda moja kwa moja kwa Mwene. Alimkuta Mchungaji uani, akimsihi Mwene awarudishe watu wake.

"Shikamooni. Vigingi nilivisogeza mimi."

"Nani kakutuma?" Mwene aliuliza.

"Hakuna. Niliihurumia mibuni ya bibi."

Mwene alimgeukia Mchungaji. "Na wewe ulidhani ni mimi?"

"Njiani nilidhani hivyo," Mchungaji alikiri. "Nisamehe, Mwene."

Wote watatu wakaenda mtaroni, na watu wakaitwa. Enesi alikiri tena mbele ya wote, na kwamba asubuhi alinyamaza. "Ing'oeni hiyo mibuni," bibi yake alisema. "Ni minne tu. Na huyu achimbe pamoja nanyi."

Yule mama aliyedakia asubuhi alimwomba Mwene radhi. Fundi Luka akarudisha vigingi mahali pake, na wale saba wakashika majembe.

"Mjukuu wangu," Mwene alimwambia Enesi, "asubuhi ulisikia nikisingiziwa, ukanyamaza. Kidogo tu kazi ya kijiji kizima ife. Ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Haya, chimba. Giza linakuja."