Nilimhukumu Tunu Bila Kumsoma

"Huyo msichana ni mshenzi!" Njuguna aligonga meza hadi chai ikamwagika. "Baba amelala kwa kitanda, hawezi hata kujigeuza, na wewe unabeba bag unaenda shule? Shule gani hiyo?"

"Kwanza wacha kumwaga chai yangu," Bi Mastura akamjibu. "Na angekuwa mvulana, ungemwita mshenzi? Ungemwita kijana mwenye bidii."

"Mimi ningebaki na mzee wangu."

"Wewe? Wewe mamako akiugua unamtumia emoji ya mikono!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Tulikuwa kumi na mmoja katika chumba cha juu cha hoteli ya Bi Mastura, nyuma ya soko, hapa Nakuru mjini. Hukutana hapo kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kuzozana kuhusu vitabu. Mwezi huo ilikuwa zamu ya riwaya ya Tunu, ile ya zamani ambayo kila aliyepita shule za huku ameisikia. Msichana ana babake mgonjwa, anapata barua ya kuitwa chuoni, asubuhi moja anaondoka. Baba anakufa, na mazishini haji. Nusu ya chumba walikuwa wanamlaani, nusu wanamlilia.

Mimi nilikuwa nimenyamaza kimakusudi. Nilijua wananingoja, maana ni mwalimu wa Kiswahili, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda sana kungojwa.

"Mwalimu Bethwel, sema neno tumalize hii maneno," Njuguna akasema.

Chesang alikuwa ameketi kando yangu, goti lake limegusa langu. Alikuwa mchumba wangu. Baada ya wiki mbili nilikuwa niende na wazee wangu kwao Kuresoi kwa koito, tukae na watu wake tukubaliane mahari na siku ya harusi. Kitabu hicho ni yeye aliyekipendekeza.

Nikakohoa kama niko mbele ya kidato cha tatu.

"Tuangalie sifa za mhusika," nikaanza. "Kwanza, Tunu ni mbinafsi. Pili, ni mkatili. Tatu, hana shukrani. Mwandishi anatuonya kuhusu tamaa ya elimu."

"Tamaa ya elimu!" Bi Mastura akaguna. "Makubwa haya."

"Bi Mastura, mtu anayeweza kuacha mzazi wake akufe peke yake, hata ukimuoa, siku utaugua atabeba bag yake vile vile. Mimi singeoa Tunu. Hata nikipewa bure."

Njuguna akanipigia makofi, na wengine wakamfuata. Nikahisi goti la Chesang likiondoka.

"Umesoma yote, Bethwel?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Yote. Miaka minne nafundisha hiyo kitabu, dear."

"Hata ile nilikupea mimi?"

"Si nilikuambia nimemaliza?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye umati.

"Na ukaamua kuniambia hivi. Mbele ya watu."

"Kukuambia nini? Si tunaongea juu ya Tunu?"

"Sawa, Bethwel."

Akachukua sweta yake akashuka ngazi. Nilimpigia simu mara nne, akakata mara nne. Nikaandika, "Babe, nini mbaya? Ni kitabu tu." Jibu likaingia nikiwa bado nimesimama juu ya ngazi, watu wananipita.

"Ungeniambia tukiwa wawili. Ningeelewa. Tarehe 14 usikuje kwetu."

Niliisoma mara tatu. Nikarudi kuketi. Chumba kilikuwa kimebaki na Bi Mastura peke yake, anakusanya vikombe.

"Mwalimu, hebu nikuulize," akasema bila kunitazama. "Asubuhi ile, nani alimwamsha Tunu?"

"Alijiamsha. Si alitoroka?"

"Na mlango ulifunguliwa na nani?"

Bi Mastura akaweka vikombe chini.

"Babake ndiye aliyemwamsha. Alitambaa kutoka kitandani, mzee wa watu, akamfungulia mlango kwa mkono wake mmoja mzima, akamwapisha asirudi hata akisikia kafa, kwa kuwa wajomba wangemfungia ndani awe mpishi wao. Sura nzima hiyo, mwanangu. Kurasa kumi na nane. Hujakisoma wewe."

Nyinyi mnaosoma hii kwenye simu zenu, acha niwaambie jambo ambalo hata mkuu wangu wa shule halijui. Riwaya ya Tunu sijawahi kuisoma. Nilipokuwa mwanafunzi tulinunua mwongozo, kijitabu cha kurasa arobaini chenye muhtasari, dhamira na sifa za wahusika. Nikakariri, nikapita mtihani. Nilipokuja kuwa mwalimu nikafundisha kwa mwongozo ule ule, na wanafunzi wangu wakapita. "Tunu ni mbinafsi" ni sentensi ya mwongozo. Nimeiandika ubaoni mara nyingi hata nikaamini ni yangu.

Sasa, wiki sita kabla ya Jumapili hiyo, Chesang alikuwa amenipa nakala yake, kuukuu, jalada limeshikwa kwa gundi.

"Kabla uende kwetu, soma hii," aliniambia. "Soma polepole. Usiruke mahali."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza utajua."

Nilikiweka juu ya kabati la vyombo, kikakaa hapo. Baada ya wiki tatu nikaona aibu, kila tukikutana ananitazama tu bila kuuliza. Siku hiyo nikamngojea kwenye geti la kliniki anakofanya kazi ya uuguzi, kule mtaa wa Rhonda. Nikamwambia, "Nimemaliza. Kitabu kizuri sana." Nikamshika mkono tuvuke barabara.

Alilia. Palepale barabarani, boda boda zinatupigia honi, akalia huku anacheka, akaubana mkono wangu hadi ukaniuma. Mimi nikadhani ni furaha ya koito. Kuanzia siku hiyo alibadilika. Alianza kuimba akipika. Alianza kuniambia majina ya watoto tutakaozaa. Nami nikajisifu kwamba ni mapenzi yangu yanayofanya kazi.

Jioni ile baada ya maneno ya Bi Mastura nilikitoa kitabu juu ya kabati, nikapangusa vumbi, nikakifungua.

Kando ya maandishi, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko wa Chesang. Haukuwa kila ukurasa. Ulianza pale baba wa Tunu anapoanguka. "Wangu alipata stroke, nikiwa Form Three. Mama alikuwa ameshafariki." Mbele kidogo: "Mimi pia nilikuwa namlisha kwa kijiko." Kwenye sura ya mlango aliandika kuzunguka ukurasa wote hadi nikawa nageuza kitabu kama usukani.

"Hapa ni baba yangu kabisa, Bethu. Lakini yeye hakuwa na maneno mengi, mdomo ulikuwa umeharibika. Alisema nenda. Akasema tena, nenda. Akaniapisha nisirudi hata kumzika, kwa sababu Anko alikuwa ameamua nikae nyumbani. Alikufa baada ya miezi saba. Sikuenda. Kwetu watakuambia mimi ndiye nilimkimbia mzee, na sijawahi kuwajibu, kwa sababu nikisema ukweli itakuwa ni yeye aliwaficha. Ukisoma hapa na bado unanitaka, tafadhali usiniambie kitu. Nishike mkono tu. Nitajua."

Nililia, sifichi. Nililia hadi nikaona aibu peke yangu nyumbani.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, saa saba nikawa Rhonda. Chesang alikuwa nje ya kliniki kwenye mapumziko, ameketi kwenye ngazi ya nyuma, chakula chake hakijaguswa.

"Nilikuambia usikuje," akasema.

"Ulisema nisiende kwenu. Hapa si kwenu." Nilijaribu kutabasamu, hakunisaidia. "Chesang, nisikilize. Sikuwa nimesoma."

"Hukuwa umesoma nini?"

"Hiyo kitabu. Hata ukurasa mmoja. Naapa. Yale yote nilisema jana ni ya mwongozo. Nimesoma jana jioni, yote, hata penseli yako."

Mnajua, niliyasema hayo kwa furaha. Njiani nzima nilikuwa nimeyashika kama dawa. Nilimtukana bila kujua, kwa hiyo sikumtukana. Nilingoja uso wake ufunguke.

"Na siku ile ulinishika mkono?" akauliza.

"Nilikushika tu. Kwa sababu nakupenda."

"Hukuwa unajua kitu."

"Sikujua, Chesang."

Akafunika chakula chake, taratibu, akakiweka kando.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa sijawahi kulala vizuri kama hizo wiki tatu. Nilikuwa nikiamka nasema, kuna mtu mmoja anajua, na bado alinishika mkono. Mtu mmoja inatosha. Kumbe hakukuwa na mtu."

"Sasa yuko. Mimi ndiye huyu. Nipe mkono."

Nikaunyoosha wangu. Aliutazama na hakuugusa.

"Jana nilikuwa na hasira, nikidhani umesoma ukanikataa. Hiyo ningezoea. Kwetu wote wamenikataa, nimezoea. Lakini wewe nilikupea maisha yangu, ukaiweka wapi?"

"Chesang..."

"Wapi, Bethwel?"

"Juu ya kabati ya vyombo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Afadhali ungesoma ukanichukia."

"Nilikosea. Nitabadilika. Nitasoma kila kitu, nitakusikiliza, niambie tu nifanye nini."

"Hujui hata kama unanitaka. Ulisema hungeoa Tunu hata bure, na ulisema ukiwa na raha. Hiyo haikuwa ya mwongozo. Mambo ya kuoa haiko kwa mwongozo, Bethwel. Hiyo ni yako."

Ilikuwa kweli.

Simu yake ikalia. Nikaliona jina: Anko Kipkoech, ndugu ya marehemu babake, mwenye kupokea wageni siku ya koito. Waliongea kwa lugha ya kwetu sote, na kila neno lilinifikia.

"Anko, habari ya huko... Hapana, usichinje. Wageni hawaji." Akasikiliza. "Hawajakataa, Anko. Ni mimi nimekataa." Akasikiliza tena, kisha akahamisha simu sikio la pili. "Hapana. Ngoja. Usiseme hivyo tena. Miaka yote hiyo mmeyasema na sijawajibu, leo ngoja nikuambie. Mimi sikumkimbia baba."

Akasimama. Nami nikasimama.

"Yeye ndiye alinifungulia mlango," akasema kwenye simu, anatembea kuelekea mbele ya kliniki, sauti inapanda na machozi yanamtoka. "Kwa mkono wake, Anko. Mkasema mlango uliachwa wazi na mimi. Wewe uliuliza na akakunyamazia. Aliniambia nenda. Aliniambia mara mbili."

Ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia kutoka kinywani mwake, na hakuwa ananiambia mimi. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama. Alipita katikati yao bila kuwaona, akaingia ndani, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Nikamfuata hadi mlangoni. Mlinzi akaniwekea mkono kifuani.

"Wewe ni mgonjwa, boss?"

"Hapana."

"Basi wachia wagonjwa njia."

Nikawaachia njia.