Usiku wa Harusi ya Dulcie

"Alhamisi? Alhamisi ya wapi? Wewe baba umelewa asubuhi hii!"

Lorna Pickersgill aliyaandika maneno hayo kwa kidole kimoja, miwani imemshukia puani, mkate wake wa kuchoma umeshapoa mezani. Tangu astaafu unesi, hakuna asubuhi iliyopita bila yeye kuchungulia kundi la Facebook la watu wanaoikumbuka Cinder Lane, ile tamthilia iliyokuwa ikiwakalisha Waingereza kwenye makochi miaka ya sabini. Humo ndani watu wazima na mvi zao hugombana mpaka huruma. Mama Threlfall wa duka la chipsi alikuwa mbea, au alikuwa mpweke tu? Albie muuza makaa alifuga paka au mbwa? Watu walishawahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya huyo paka.

Leo ugomvi ulikuwa harusi ya Dulcie, yule mhudumu wa baa aliyekuwa akicheka mpaka mtaa wa pili. Alikuwa aolewe na Reg mwenye bucha. Kasisi alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Albie akasimama na masizi yake usoni, na nchi nzima ikapiga ukelele. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa siku.

Mwanaume mmoja aliyejiita "Masizi ya Albie" hakukubali kushindwa.

"Mama, ilikuwa Alhamisi. Naapa."

"Ilikuwa Jumanne! Nakumbuka vizuri kwa sababu sikuiangalia."

"Ajabu hiyo. Mimi pia nakumbuka kwa sababu sikuiangalia."

"Ulikuwa wapi, wakati hata paka walikuwa mbele ya televisheni?"

"Stesheni. Na begi langu."

Lorna akakiweka kikombe chini. Chai ikamwagikia kitambaa cha meza na hakujali. Akatoka kwenye kundi, akamfuata yule mtu kwenye meseji za pembeni, bado akitumia jina la bandia kama wengi wa kundini.

"Stesheni gani?"

"Barnshaw. Mbona unauliza hivyo?"

"Ulikuwa unasafiri?"

"Nilikuwa natoroka na msichana. Hakutokea. Tangu siku ile nikaichukia Cinder Lane, mpaka uzee uliponirudisha."

"Msichana gani?"

Vidoti vikacheza kwenye kioo, vikapotea, vikarudi.

"Lorna Entwistle. Alikuwa akiuza mikate. Kwa nini, unamjua?"

Lorna aliitupa simu kwenye kochi kama imemng'ata. Na si kwa furaha. Ni kwa hasira. Akazunguka sebule mara kadhaa, akaiokota simu ile ile, akampigia mdogo wake.

"Hazel! Nimempata Neville Sugden."

"Nani? Yule wa Yorkshire?"

"Huyo huyo. Na ni mwongo! Anawaambia watu eti alikwenda stesheni, mimi ndiye nilimtupa!"

"Mwanaume ana uso mkavu huyo!" Hazel akacheka, kisha akasikia pumzi ya dada yake, akaacha. "Dada. Unalia?"

"Silii."

"Haya, hulii. Unapiga chafya."

Kwa wasioijua Barnshaw, huko ndiko Lancashire inakoishia. Ukipanda kilima ukashuka upande wa pili unaingia Holmroyd, na Holmroyd ni Yorkshire. Wageni wanaona kilima kimoja chenye kondoo. Wenyeji wanaona mpaka wa majimbo mawili yasiyopendana tangu enzi za mababu. Mzee Entwistle, baba yao akina Lorna, alikuwa radhi binti yake aolewe na mlevi wa Lancashire kuliko mchungaji wa kanisa wa Yorkshire. Alipogundua kwamba Lorna, msichana wa miaka kumi na tisa, anapendana na kijana wa gereji wa Holmroyd, akampiga marufuku kupanda kile kilima.

Kwa hiyo wapenzi wakaweka mpango. Walionana Jumapili moja nyuma ya kanisa, kwa haraka, na Neville akamwambia: "Usiku wa harusi ya Dulcie. Baba yako hawezi kubanduka kwenye kiti. Ukisikia tu muziki wa kuanza, toka. Nitakuwa stesheni." Hawakuonana tena baada ya hapo. Kwa kina Neville hakukuwa na simu, na kwa kina Lorna simu ilikaa ukumbini, hatua mbili kutoka kwa baba.

Muziki wa tamthilia ulipoanza, Lorna akatoka. Akakaa kwenye benchi la stesheni hadi treni ya mwisho ikaondoka bila yeye. Aliporudi nyumbani na begi lake mkononi, wote walikuwa wanazungumzia masizi ya Albie. Kesho yake akapanda treni peke yake, akaenda London kusomea unesi; alirudi Barnshaw miaka mingi baadaye, baba yake alipougua.

"Unamkumbuka Ken?" Lorna akamuuliza mdogo wake kwenye simu. Ken Pickersgill ndiye aliyekuwa mume wake, kabla ya talaka.

"Nitamsahauje shemeji? Alikuwa na moyo mzuri, na masikio makubwa."

"Siku anaondoka aliniambia hivi: 'Lorna, kila nikichelewa kurudi unaniangalia kama nimeshakuacha.' Alikuwa na haki, Hazel. Nilimtesa yule mtu bure. Na huyu wa Yorkshire amekaa zake huko anajitia yeye ndiye aliyeachwa!"

"Sasa unataka kumtukana, au unataka kumjua?"

Lorna alikuwa na matusi tayari, ameyalea zaidi ya miaka arobaini. Lakini alipoyatafuta hakuyaona, akakuta swali tu.

"Nataka kujua kitu kimoja. Alikuja au hakuja."

"Basi muulize."

"Nimuulize mwongo aniambie ukweli?"

"Mimi nilikuwa hapo sebuleni usiku ule, dada. Jumanne. Baba alicheka mpaka akapaliwa. Kama huyu anashikilia Alhamisi, ama ni mwongo asiyejua kusema uongo, ama kuna jambo."

Neno lile likamkaa kichwani. Kuna jambo. Mwongo wa kweli angesema Jumanne, siku ambayo kila mtu angeikubali. Kwa nini mtu ajitungie hadithi halafu akosee siku?

Akarudi kwenye kundi. Ugomvi ulikuwa umeshanoga, maoni yamefika mia. Wengine Jumanne, wengine Alhamisi, na kila mmoja na ushahidi wake. Lorna akavuta kiti, akaanza kuwachungulia mmoja mmoja: huyu ni nani, anakaa wapi, alizaliwa wapi. Akiwa nesi alikuwa hivyo hivyo, haamini homa mpaka aone imeanzia wapi.

Wa Jumanne: Bolton. Burnley. Barnshaw. Preston.

Wa Alhamisi: Halifax. Leeds. Holmroyd.

Lancashire Jumanne, Yorkshire Alhamisi. Akashuka chini zaidi, akakuta maoni ya bibi mmoja wa Halifax ambayo hakuna aliyeyajali: "Kwetu ilikuwa Alhamisi, nina hakika. Jumanne walituwekea mechi ya raga badala yake. Mume wangu alishangilia, mimi nikairushia televisheni kiatu."

Lorna akasoma mara ya pili. Enzi zile kila jimbo lilikuwa na kampuni yake ya televisheni, na antena ya juu ya paa ndiyo iliyokuamulia utaona nini. Antena za Barnshaw zilitazama magharibi. Antena za Holmroyd zilitazama mashariki. Wapenzi wawili waliotenganishwa na kilima kimoja waliahidiana kukutana usiku wa harusi ya Dulcie, na wakubwa wa televisheni ya Yorkshire wakaisogeza mbele kwa ajili ya raga.

Akaandika, na safari hii alitumia vidole vyote.

"Neville. Ni mimi, Lorna. Jumanne ile, televisheni yenu ilionyesha nini?"

Akafuta chai iliyomwagika mezani, akidhani amemkimbia. Halafu:

"Raga."

Na baada ya kitambo:

"Walitangaza harusi ya Dulcie imesogezwa mpaka Alhamisi. Nilidhani imesogezwa nchi nzima. Lorna, usiniambie."

"Kwetu haikusogezwa."

Simu ikaita pale pale. Lorna akaiangalia ikiita. Alipopokea, alisikia mtu mzima anajitahidi kupumua.

"Ulikaa mpaka saa ngapi?" Neville akauliza hatimaye. Sauti ilikuwa nzito sasa, lakini ilikuwa yake.

"Mpaka treni ya mwisho."

"Mimi pia. Mpaka treni ya mwisho."

Wakakutana mchana huo huo, kwenye mgahawa ulio ndani ya soko la Barnshaw, karibu na muuza jibini. Lorna alimtambua kwa mabega. Nywele hazikuwepo tena, lakini mabega yalikuwa yale yale, ya mtu anayejiandaa kubeba kitu. Neville alikuwa amefiwa na mke miaka mitano iliyopita, na shati lake lilionyesha kwamba analipiga pasi mwenyewe.

"Kwa hiyo ulikuja," Lorna akasema kabla hata hajakaa.

"Nilikuja."

"Basi mbona hukunitafuta? Alhamisi sikutokea, sawa. Ijumaa je? Ulikuwa umekatika miguu?"

"Ijumaa nilikuja kwenu."

Lorna akamtazama. "Kwetu wapi?"

"Mlangoni kwenu. Baba yako alifungua. Nikamwambia nataka kukuona, akasema umekwenda London. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema: 'Umechelewa, kijana. Ninyi watu wa Yorkshire mtachelewa hata mbinguni.' Akafunga mlango." Neville akakizungusha kikombe chake. "Nikadhani ananitukana tu kama kawaida yake. Kumbe alikuwa ananiambia ukweli."

Lorna akaangua kicheko. Kilimtoka kikubwa, muuza jibini akageuka. Kisha kikageuka kilio, na safari hii hakumwambia mtu kwamba halii. Mzee alimwona bintiye akirudi na begi Jumanne usiku. Alijua. Na alikwenda kaburini bila kumwambia kwamba kijana alikuja mpaka mlangoni.

"Nimemkasirikia mtu asiye na kosa maisha yangu yote," akasema akijifuta na karatasi ya mgahawa. "Na huyo mwenye kosa nikamuuguza mpaka akafa mikononi mwangu."

"Usimlaumu sana mzee."

"Nitamlaumu nikitaka! Baba yangu, si wako. Na wewe usijitakase. London haiko mwezini. Stempu hukuwa nayo?"

"Nilidhani hunitaki."

"Ulikuwa na kiburi."

"Nilikuwa nacho. Na wewe? Holmroyd iko nyuma ya kilima tu, Lorna. Hata basi lipo."

Hapo Lorna alitaka kusema kwamba mwanamke aliyeachwa hawezi kumfuata mwanaume kumuuliza kwa nini amemwacha. Alitaka kusema mengi. Akamtazama yule mzee aliyeketi mbele yake, mdomo umemkauka kwa woga kama siku ile ya nyuma ya kanisa, na akaona wazi kwamba raga iliwachelewesha siku mbili tu. Miaka yote iliyobaki walijichelewesha wenyewe.

"Kiburi," akasema taratibu. "Na mimi nilikuwa nacho. Kingi kuliko chako."

"Hilo silibishi."

"Ubishi wako wote umeumalizia kwenye Alhamisi?"

Neville akacheka, na kucheka kule kukampa ujasiri. Akajikohoza. Akaunyoosha ukosi wa shati.

"Lorna. Mimi si kijana, na sijui kupika zaidi ya mayai na soseji. Lakini nilikupenda, na nikikuangalia hapa sioni kama nimeacha. Ningependa tuonane tena. Njoo kwangu ule chakula cha jioni. Labda Alhamisi, saa kumi na mbili, au kama Alhamisi hutaki basi tuseme Juma..."

"Neville."

"Naam?"

"Ukinitajia siku nyingine nitakumwagia hii chai."

Neville akamwangalia bila kuelewa, na Lorna akaona lazima amsaidie, kwa sababu wengine ukiwaachia nafasi ya kufikiri wanaweza kuchukua miaka arobaini mingine.

"Mimi na wewe hatuwekeani siku tena. Tumeshajaribu." Akasimama, akachukua mkoba wake. "Una mayai nyumbani?"

"Yapo."

"Soseji?"

"Zipo. Lakini nyumba haijafagiliwa, Lorna, na kitanda cha mbwa kiko katikati ya jikoni, na..."

"Vaa koti lako," Lorna akasema. "Basi la Holmroyd liko hapo nje, na dereva ameshapanda."