Kitabu Kilichonuka Tangi

Kitabu kilirudi maktaba kikiwa kikavu kama biskuti, lakini kilinuka maji yaliyolala. Mama Gundi alikigeuza, akakipigapiga mgongo, akakinusa tena. Miaka ishirini na sita alikuwa anashona vitabu vilivyochanika katika kile chumba cha nyuma chenye sindano, nta na kisu, na pua yake ilijua kila kitu ambacho wasomaji humwagia vitabu: chai, mafuta ya nywele, hata mkojo wa mtoto. Harufu hii haikuwa mojawapo.

Kilikuwa riwaya ya kutisha, kurasa mia tisa. Nusu ya kwanza ni watoto wanaoandamwa na jini. Nusu ya pili ni hao hao wakiwa watu wazima, na jini ni yule yule. Mtaa mzima ulikuwa unakigombania. Mama Gundi hakuwa amekisoma hata mstari. Yeye vitabu alivishona tu, kama mkunga asiyeuliza baba ni nani.

Alhamisi alasiri wasomaji walikutana chumba cha mbele kukijadili, naye akaacha mlango wazi kidogo, maana umbeya haujakatazwa kazini.

"Utotoni kinatisha, ukubwani kinachosha," alisema Kinyozi. "Lakini pale mtoto anapomlisha sumu mbwa wa jirani, jamani, nilikifunga."

"Mbwa gani tena?" akauliza Fundi Cherehani. "Hakuna mbwa humo. Kuna msichana anamvua bibi yake pete, na bibi mwenyewe yuko kitandani anakata roho."

"Mama, nakala ni moja. Tumesoma kitabu kimoja."

"Basi wewe ulikisoma umelewa."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kila aliyefungua mdomo alikuja na mtoto wake na ubaya wake, na hakuna mwingine aliyekuwa ameusoma. Kinyozi alikuwa analowa jasho. Fundi Cherehani alikuwa amekalia mkono wake wa kushoto, ule wenye pete.

"Zamu ya nani sasa?" akauliza mwenye kuazimisha vitabu, akitaka yaishe.

"Yangu," ikajibu sauti ya kukwaruza kutoka nyuma.

Alikuwa Dada. Mama Gundi akajichoma sindano.

Dada ndiye mkubwa wake, na waliishi nyumba moja, wao wawili tu. Sauti yake iliharibika akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliingia kwenye tangi la maji kulisugua, mfuniko ukaanguka, akapiga mayowe hadi koo likapasuka, na mdogo wake wa miaka tisa ndiye aliyemtoa. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa. Na hivyo ndivyo Dada alivyomsifia kwa miaka arobaini, mbele ya wageni, huku akimshika bega: mwokozi wangu huyu. Mama Gundi aliishi kwa sifa ile. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na hiyo.

Ila mfuniko haukuanguka. Aliufunga yeye, akaukalia, kwa sababu Dada alikuwa ameshonewa gauni jipya naye hakushonewa. Aliukalia akiimba, ngumi zikigonga chini ya makalio yake, mpaka zilipochoka.

Dada alisoma taratibu, akitembeza midomo. Siku ya tatu alikuwa amepita ukurasa wa mia nne. Mchana, alipotoka uani kuanika nguo, kitabu kilichokuwa kabatini kikagonga. Ko. Ko. Ko. Si kabati, kitabu chenyewe, kutoka ndani, kama bati. Mama Gundi akakichukua, akafungua ukurasa wa mia nne arobaini na sita, na hapo akalikuta gauni, rangi yake ya manjano na vifungo vyake vinne, akaukuta ule wimbo neno kwa neno, hata mahali alipokosea maneno akarudia, akajikuta mwenyewe akining'iniza miguu juu ya mfuniko, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya maji yenye kutu ilivyompanda puani.

"Dada," aliita, "mgongo wa kitabu umelegea. Nakipeleka kazini nikukazie."

"Sawa, mdogo wangu. Usinicheleweshe, nimefika patamu."

Chumba cha nyuma, alikata karatasi ile kwa kisu, safi, akaichoma. Lakini hofu ilimsahaulisha anachojua hata anayeanza kazi: katika kitita cha karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja, kila karatasi ina pacha upande wa pili wa uzi. Ukikata moja, ya pili haina pa kushika. Na hiki kilikuwa kitita cha katikati, pale utoto unapoungana na ukubwa. Pacha akachomoka, akamwangukia mapajani.

Akasoma.

Mchumba wa kwanza wa mdogo alikuja na saa ya mkononi. Mkubwa alimvuta kando akamnong'oneza kwamba bibi harusi ana kifafa. Wa pili aliambiwa kuna mtoto amefichwa. Wa tatu alikuwa anampenda kweli, kwa hiyo mkubwa alitumia machozi. Kisha mstari wa mwisho: *Ndani ya tangi mkubwa aliusikia wimbo. Alijua tangu siku ile nani amekaa juu.*

Jioni, baada ya kuichoma na hiyo, alikirudisha nyumbani.

"Umekaza?" Dada akauliza.

"Nimekaza."

"Hakuna kilichopungua?"

"Hakuna, dada yangu."

Wakatabasamu. Na tangu hapo maji ya bomba yakatoka na kutu, nguo zikanuka tangi kabla hazijavaliwa, na kila wakikaa kula, meza ikagongwa kwa chini, polepole, na kitu kinachojua kwamba hawatainama kutazama. Kitabu walikirudisha maktaba. Kugonga hakukurudi nacho.

Wakamwita mtaalamu wa majini. Alisoma dua, akafukiza ubani, akaweka sikio mezani muda mrefu.

"Huyu hali nyama," alisema kwa sauti ya chini. "Anakula lisilosemwa. Mmoja wenu amwambie mwenzake alichomfanyia. Yeyote. Akitamka tu, anatoka."



"Msimharakishe mtu," ikasema sauti ya mtoto wa kike chini ya meza, nzuri, isiyo na mkwaruzo. "Mimi nimeshakaa."

Mtaalamu aliruka nyuma. "Semeni basi, jamani!"

Dada akampapasa Mama Gundi mkono. "Sisi, baba? Hatujawahi hata kununiana."

"Hata siku moja," akasema Mama Gundi.

Mtaalamu alikusanya vitu vyake bila kudai chochote, akaondoka kinyumenyume.

Muda wa chakula ulikuwa umefika. Mama Gundi alileta sufuria. Kiti cha tatu kikajivuta chenyewe, kikakwaruza sakafu, kikasimama katikati yao. Dada akasogeza sahani mbele yake, na Mama Gundi akaanza kupakua hapo.