Ubao Uliokubaliwa na Jimbo Zima

Jumamosi ya soko, uwanja ulio mbele ya Bunge la Jimbo hauna pa kukanyaga. Huku jibini ya kukaanga, huku mahindi mabichi, huku mpiga gita asiyejua kupiga gita. Katikati ya vurugu hiyo, Renata Wojcik alisimama nyuma ya meza na gauni lake jekundu la vitone vyeupe, skafu kichwani, akipiga kelele kuwashinda wauza nyanya wote.

"Jiungeni na Jumuiya ya Historia ya Jimbo! Babu yako yuko kwetu, mara ya mwisho ulikuja lini kumsalimia?"

Halvor Brekke alisimama. Hakusimama kwa ajili ya babu, tusidanganyane. Alisimama kwa ajili ya lile gauni. Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, shati la drafti kalifunga vifungo mpaka kooni, mkononi kashika mfuko wa jibini unaochuruzika mafuta.

"Kwani ninyi si wa serikali?" aliuliza. "Mbona mnaombaomba?"

"Nusu ya serikali, kaka. Bunge linatupa nusu ya fedha na lawama zote. Nusu nyingine ni ada za wanachama, wafadhili, na duka letu la vikombe. Bodi nayo ni hivyo hivyo. Wengine anawateua gavana, wengine wanachaguliwa na wanachama. Yaani kila mtu humu mjini ni bosi wangu. Wewe je, unafanya kazi wapi?"

"Kamati ya Bajeti. Bungeni."

"Masalale! Ndio ninyi mnaotukata kila mwaka!"

"Mimi napiga chapa tu," Halvor alijitetea, masikio yamemwiva. Kisha, kwa kukosa la kusema, akamnyooshea ule mfuko wa jibini.

"Hii ndiyo ada yako ya uanachama?"

"Hapana. Ila... bado ya moto."

Renata alicheka mpaka skafu ikamlegea. Akala kipande, akala cha pili, na kufikia cha tatu mambo yalikuwa yameshaharibika. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Wakaanza kutoka pamoja, kila Ijumaa samaki na bia kwenye baa ya kando ya ziwa. Renata alisema, Halvor alisikiliza. Alimsimulia mabasi ya watoto wa shule, wazee wanaotafuta jina la meli iliyomleta bibi yao, na kibao cha kihistoria cha barabarani ambacho mkulima mmoja hukigonga kwa trekta lake kila vuli. Hata kwenye simu ilikuwa hivyo hivyo.

"Halvor, upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya? Au umelala, wewe?"

"Nakusikiliza... mpenzi."

Hilo neno "mpenzi" lilimchukua msimu mzima wa theluji kulitamka, na baada ya kulitamka alikata simu kwa woga.

Sasa ukoo wa kina Brekke ulitoka Norwei zamani, na Halvor alilelewa na shangazi yake, Solveig, mwanamke wa mila. Kwa mila za kale za kwao, kijana akitaka kuoa huchonga ubao wa kunyooshea nguo, wa enzi za kabla ya pasi, wenye mpini wa umbo la farasi. Huuacha mlangoni kwa binti, haongezi neno. Binti akiuweka, amekubali. Akiurudisha, amekataa, kwisha maneno. Siku hizi nani anafanya hayo? Hakuna. Lakini Halvor aliona huo ndio wokovu wake. Kuposa bila kufungua mdomo! Angepata wapi bahati kama hiyo?

Akajifungia kwenye gereji ya shangazi yake na patasi. Farasi akatoka na miguu mifupi na tumbo kubwa.

"Nguruwe mzuri," shangazi alimwambia.

"Ni farasi, shangazi!"

"Basi mpake mafuta ya kitani na kahawa, labda atakuwa farasi akizeeka kidogo."

Akampaka. Ubao ukang'aa kahawia kama umekula miaka mia na hamsini. Ila nyumbani kwa Renata kulikuwa na jirani mwenye mbwa mkali, na Halvor alikuwa mwoga wa mbwa. Akawaza, mlango wa Renata hasa ni upi? Si makumbusho ya Jumuiya, anakoshinda kutwa? Akaupeleka huko, akauweka kwenye kaunta ya mapokezi, akataja jina lake mwenyewe tu, akatoka mbio.

Hapo ndipo alipokosea, maskini. Pale kwenye Jumuiya watu huleta vitu kila siku. Vyerehani, magauni ya harusi, meno ya bandia ya mameya. Kitu kikiachwa kaunta kwa jina la aliyekileta, ni zawadi kwa umma, na mfanyakazi haruhusiwi kwenda nacho nyumbani hata kikiwa kijiko.

Renata aliporudi kutoka Bungeni kuombea bajeti, akaukuta. Machozi yakamlengalenga.

"Jamani! Halvor katuletea ubao wa babu yake!"

Mila ile aliijua, alikwisha kuisoma. Ila hakuwaza kwamba kuna mtu hai anayeifuata. Aliona tu kwamba mwanamume wa Kamati ya Bajeti ametoa urithi wa ukoo wake kwa kazi anayoipenda yeye, na akampenda maradufu. Akamrudishia heshima kubwa kuliko zote alizozijua. Aliuweka ubao kwenye kabati la kioo, ukapigwa namba kwa rangi nyeupe upande wa chini, na kwenye mkutano mkuu wa wanachama akamwita Halvor asimame.

"Mabibi na mabwana, mfadhili wetu!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti wa bodi, Bi Hildegard Stamm, akampa kikombe chenye nembo ya Jumuiya.

Halvor alisimama na kikombe chake kama mtu aliyemwagiwa maji ya ziwa. Yaani hakukubaliwa, hakukataliwa. Kaposa mwanamke, kaolewa na serikali!

Kuanzia siku hiyo simu zikaanza kukosa majibu. Ilipojibiwa moja, ilikuwa barafu.

"Halvor, nimekukosea nini?"

"Hakuna. Jimbo limepokea. Nashukuru."

"Jimbo gani tena? Ni bajeti, sivyo? Mnataka kutukata, unaona haya kuniambia!"

"Bajeti haijakatwa."

"Basi sema!"

Renata akakata simu, akalia, akapangusa machozi, akalia tena. Alimpenda yule bubu, na alikuwa anampoteza bila kujua kosa lake.

Akina mama wa kanisa walipokuja kutembelea makumbusho, miongoni mwao alikuwa shangazi Solveig. Alifika kwenye kabati la kioo, akavaa miwani, akasoma lebo: *Ubao wa kunyooshea nguo, takriban 1870.*

"Sabini kitu gani?" alifoka. "Huu ni wa juzi! Umechongwa kwenye gereji yangu, vumbi lake bado liko kwenye gari langu!"

Renata akaja mbio. "Mama, tafadhali, umechongwa na nani?"

Shangazi akamtazama toka juu mpaka chini. "Ndiwe Renata? Mwanangu, mtoto wa watu kakuposa, wewe umemfungia kabatini!"

Renata alikaa chini pale pale sakafuni, na sketi yake nyeupe ya kazi.

Lakini mali ya umma haichomolewi kwa machozi. Inatakiwa kura ya bodi, kikao cha hadhara, na mtoaji mwenyewe aseme alikusudia nini. Renata akapiga simu.

"Alhamisi, Halvor. Njoo useme."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Renata, mimi nilichonga ule ubao ili nisiseme!"

"Najua, mpenzi. Njoo hivyo hivyo."

Akaja. Suti ya bluu, tai imepinda, jasho linamtiririka na nje barafu. Bi Stamm akagonga nyundo yake. "Bwana Brekke, una dakika tatu."

Ya kwanza yote aliimaliza akikohoa. Kisha akageuka, akawapa bodi mgongo.

"Ubao si wa babu. Nimeuchonga mimi. Yule ni farasi." Watu wakacheka, akangoja wanyamaze. "Sikuutoa kwa Jimbo. Nilikupa wewe, Renata. Nakupenda tangu jibini. Nataka kukuoa. Basi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukumbi ukalipuka, Bi Stamm akagonga nyundo mpaka kichwa cha nyundo kikachomoka.

"Hoja ni kumrudishia Bwana Brekke ubao wake," alisema. "Wanaoafiki?"

"Thubutu!" Shangazi Solveig alikuwa kasimama juu ya kiti. "Ukirudishwa kwake, kakataliwa! Hiyo ndiyo mila!"

Bodi ikatazamana. "Basi apewe Bi Wojcik."

"Mfanyakazi haruhusiwi," mjumbe mmoja akakumbusha. "Hata kijiko."

Wakaanza kubishana, kanuni huku, mila kule, mpaka Renata aliposimama. Alikuwa amevaa lile gauni jekundu la vitone vyeupe.

"Mwenyekiti, naomba hoja iondolewe. Ubao usirudi kwa mtu. Ubaki pale pale."

Halvor akafumba macho.

"Ubaki," Renata alisema, "kwa sababu ubao uliokubaliwa haurudishwi. Ila lebo yake ina makosa. Naomba ruhusa ya kuisahihisha."

"Unasahihisha nini?" aliuliza Bi Stamm, ingawa alikwisha kuanza kulia.

Upo hadi leo, ghorofa ya pili, kushoto ukitoka kwenye lifti. Watoto wa shule bado wanauliza kwa nini farasi amefanana na nguruwe. Mwalimu wao huwaambia wasome lebo, nao husoma kwa sauti, wote kwa pamoja: *Ubao wa kuposea. Umechongwa na Halvor Brekke kwa ajili ya Renata Wojcik. Alikubali.*