Mtutu Mpya Mezani kwa Kamene

Jumapili ile, majirani zangu, ilianza vizuri. Kule mtaani Kabiro, katika chumba kimoja cha kupanga, Kamene alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za shule, naye mumewe Makau akinywa chai na kumtania kwamba anaipenda mashine hiyo kuliko yeye. Kamene akacheka. Nyumba ilikuwa na amani.

Makau alitunza bunduki za rangi kwenye uwanja mmoja wa michezo, zile zinazorusha vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa, watu wakilengana kwa kujifurahisha. Sifa yake ilikuwa kubadilisha mitutu. Mteja akinunua mtutu wake kando, Makau alilinganisha hesi zake, ile mizunguko ya kufungia, na za bunduki, kisha akatia kidonge mdomoni mwa mtutu na kukipuliza. Kikianguka chenyewe, mtutu ni mpana mno. Kikikwama, ni mwembamba. Hakuwa na mpinzani, na alilijua hilo kupita kiasi.

Saa nane mchana simu ililia. Ni Yusuf, mfanyabiashara wa Kibera, aliyekuwa amemwachia bunduki yake na mtutu mpya jana yake.

"Niaje fundi, game inaanza saa kumi. Hiyo barrel imeingia?"

"Usijali, nakuekea saa hii."

Makau akaitoa bunduki kwenye begi, akailaza kwenye meza ya Kamene, kati ya vitambaa. Kamene akasimamisha mashine.

"Baba Ngina, si tulisema hiyo kitu isifanyiwe kwa nyumba?"

"Ni dakika mbili tu, Mama Ngina."

"Na kile kizibo cha huko mbele?"

Makau akajaribu kuuvisha mtutu mpya kizibo hicho cha kuzuia kidonge kisiruke. Ulikuwa mnene kuliko ule wa zamani. "Hakiingii. Lakini iko empty, usiogope."

Hakuwa ameangalia kama ina kidonge ndani, jamani! Kule uwanjani angemgombeza yeyote aliyegusa mtutu kabla ya kutoa mtungi wa hewa. Lakini kwake nyumbani, nani wa kumgombeza yeye? Akaufunga mtutu, ukakaa sawasawa bila kucheza. Kwa furaha akaiinua bunduki amwonyeshe mkewe, kidole kikiwa mahali kisipotakiwa.

Mlio ulikuwa mdogo. Kamene alianguka kutoka kwenye kiti, mikono usoni, rangi ya manjano ikichuruzika kati ya vidole, kisha damu.

Hospitalini daktari alisema jicho la kulia halitaona tena. Watu wa kanisa walikuja kumfariji Makau: "Ajali haina kinga." Kinga ipi ilikosekana? Aliijua tangu siku ya kwanza ya kazi! Roho inaniuma nikisimulia.

Sasa Kamene akitaka kutunga uzi kwenye sindano, uzi unapita kando. Vitambaa vya sare amevirudisha kwa wenyewe. Wiki iliyopita Makau alimpigia magoti.

"Mama Ngina, nisamehe. Yusuf alikuwa ananiharakisha."

"Yusuf hakuwa kwa hii nyumba," Kamene akasema. "Ni mimi nilikuwa hapa. Na nilikuuliza."



FUNZO

Ewe fundi, ustadi wako haukuondolei sheria za kazi. Vile unavyowakinga wageni, wakinge wa kwako kwanza. Na mkeo akikuuliza swali, weka chombo chini ndipo umjibu.